KOVU KICHWANI: WAHI MATIBABU

Je, nywele zako zinanyonyoka mahali pamoja? Tazama ngozi ya mahali hapo. Kama ina vitundu vidogo vya nywele, huenda nywele zitaota tena. Kama ngozi ni laini, inang'aa na haina vitundu, hilo ni kovu. Penye kovu nywele hazioti.

Kovu hilo huletwa na nini?
Kwa watoto, mapunye yaliyovimba na kutunga usaha huweza kuacha kovu. Kwa akina mama, kusuka kwa kukaza miaka mingi huua mashina ya nywele pembeni mwa paji la uso. Yapo pia magonjwa ya ngozi yanayoanzia utosini na kuenea polepole. Mara nyingine huwasha na kuuma.

Ufanye nini?
1. Kichwa kikiuma baada ya kusukwa, fumua.
2. Usipake mafuta ya taa wala dawa usiyoijua.
3. Mpeleke zahanati mtoto mwenye mapunye. Atapewa vidonge vya wiki kadhaa. Dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina la nywele.
4. Kama kovu linaenea, omba upelekwe kwa daktari wa ngozi. Dawa zake huweza kulizuia lisienee. Hazirudishi nywele zilizokufa. Anayekuuzia dawa ya kuotesha nywele juu ya kovu anakula fedha yako bure.

Kovu haliambukizi, wala si laana. Funga kilemba au vaa kofia, uendelee na kazi zako.

Maswali
1. Utalitambuaje kovu kichwani?
2. Kwa nini tuwahi matibabu?