Somo: Tablo ya kadi ndani ya simu haijui saa ya kahawa

Ndugu wanamemba wa kooperative,

Wengi mnatuuliza juu ya zile programu za tablo, kama Trello: kolone tatu, «Ya kufanya», «Inafanyika», «Imekwisha», na kila kazi ni kadi unayoisukuma kwa kidole. Kwa kutayarisha mkutano ao kufuata mifuko ya mbolea, iko muzuri. Kwa kituo cha kuosha kahawa, tuwe na angalisho.

Wazo hili lilitoka Japani, katika karakana za Toyota, ambako Taiichi Ohno alilijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kule kadi, yaani kanban, ilitembea pamoja na sanduku la vipande vya gari. Vipande vikitumika, kadi inarudi nyuma kuomba vingine. Na hesabu ya kadi ilikuwa na mpaka, kwa hiyo kazi haikurundikana. Ndani ya simu kamba hiyo imekatika: kadi inaweza kufika «Imekwisha» na kahawa ingali ndani ya beseni.

Na kahawa haingoji mtu. Matunda yaliyovunwa asubuhi yanamenywa siku ile ile, kisha yanachacha saa 12 mpaka 36 hivi, kulingana na baridi ya mahali. Kadi ya «Inafanyika» haikuambii kama zimebaki saa mbili ao zimepita tano. Unaweza kuweka kikumbusho, ndiyo, lakini kinalia ndani ya simu tu. Batri ikizima ao mega zikiisha, basi. Kituo kimoja tulichotembelea, sekretere alikuwa mjini anaona kadi zote ziko sawa, kumbe beseni zima linanuka siki. Kahawa ile ilienda kwa bei ya chini, na waliopoteza ni wakulima.

Tena kioo cha simu kinaonyesha karibu kolone moja tu, wakati faida ya tablo ni kuona kazi yote mara moja. Na kugeuza kahawa mezani kila siku, mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 11 ao 12, kadi yake utaiweka kolone gani?

Tunashauri hivi. Ubao ubaki ukutani kituoni, kila beseni na mstari wake, saa ya kuingiza kahawa iandikwe kwa chaki, pamoja na saa ya kwenda kuipapasa kama utelezi umeisha. Kila beseni liwe na kipande kimoja cha mbao chenye namba yake. Kahawa ikiingia, kipande kinafungwa pale. Ikitoka kuoshwa, kinarudi kwa mpokeaji. Jioni mpokeaji ahesabu vipande alivyo navyo mkononi. Kama hana hata kimoja, na hakuna kitakachorudi kabla ya mchana, atume habari usiku ule ule kwa wakulima wa kilima kinachofuata: wavune kesho kutwa. Halafu apige picha ya ubao, amtumie sekretere.