Homa ya Nguruwe: Mfugaji Asikimbilie Kuuza

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na hadi leo haina tiba. Nguruwe hupandwa na homa kali, huacha kula, masikio na tumbo huwa mekundu au ya zambarau, na wengi hufa ndani ya siku chache.

Binadamu haambukizwi, na hapo ndipo ulipo mtego. Mfugaji wa Singida aliyelisha banda lake mashudu ya alizeti kwa miezi kadhaa (na mashudu si bure) akiona wawili wamekufa, hushawishika kuwachinja waliosalia na kuuza nyama. Virusi hudumu ndani ya nyama hiyo. Mabaki yake yakichanganyika na makombo ya hotelini, banda la kijiji kingine huambukizwa. Makombo yachemshwe kwa dakika 30 huku yakikorogwa.

Ngiri nao hubeba virusi bila kuugua, sawa na papasi wa mashimoni mwao; hivyo nguruwe wasizurure. Vifo vya ghafla viripotiwe kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, na nguruwe yeyote asitolewe bandani kabla hajafika.