SIHA SI MAKALI

Wanachama wenzangu, mchezaji wa tenisi akishindwa, sisi husema tu "amekwisha!" Tunachanganya mambo mawili. Siha ni uzima wa mwili: goti, mgongo, pumzi. Makali ni jinsi anavyocheza siku hizo. Kisu chaweza kuwa kizima na kikawa butu.

Mtazameni Novak Djokovic wa Serbia, mwaka 2024. Tarehe 3 Juni aliumia goti la kulia katika mashindano ya Ufaransa. Mechi hiyo aliishinda kwa seti tano, lakini akajitoa, na tarehe 5 akapasuliwa kwa kuwa gegedu lilichanika. Siha hapo hakuna. Makali je? Siku 39 baadaye alicheza fainali ya Wimbledon, goti limefungwa. Carlos Alcaraz akamtandika 6-2, 6-2, 7-6. Ati mzee wa miaka 37 amekwisha! Mimi nasema aliyekwisha hafiki fainali; lililokuwa bado ni goti.

Tarehe 4 Agosti, fainali ya Olimpiki mjini Paris, alimshinda Alcaraz yule yule 7-6, 7-6, akapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Zoezi: andika sentensi mbili kuhusu mchezaji mwenye siha asiye na makali.