Mafunzo ya Sanaa na Muziki katika Chuo Kidogo: Mifano kutoka Kyela na Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mwanachuo anayesomea ualimu katika chuo kidogo aghalabu hulipokea somo la sanaa na muziki kwa mashaka. Chuo hakina kinanda, hakina chumba cha uchoraji, rangi za maji zimekauka katika visanduku vyake, na mkufunzi mwenyewe hufundisha masomo mawili mengine. Wapo wanaosema kwamba mafunzo ya namna hii yaachiwe mahali palipoandaliwa kwa ajili yake, kama vile Chuo cha Ualimu Butimba huko Mwanza, au Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Heshima ya vyuo hivyo haina ubishi. Lakini watoto wa shule za msingi za Kyela, Matema na Ipinda hawatafundishwa na wahitimu wa Butimba peke yao. Watafundishwa na ninyi.

Mtaala wa elimu ya msingi ulioboreshwa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo. Kila mwalimu aliyekwisha kukaa shuleni muhula mmoja anajua kwamba kipindi cha somo hilo ndicho cha kwanza kuchukuliwa wakati mazoezi ya mitihani yanapoanza. Mwalimu wa hisabati hukiomba, naye mwalimu wa sanaa hukitoa upesi, maana hakuwa na la kufundisha. Hapo ndipo kosa lilipo. Kipindi kisichokuwa na andalio hakina wa kukitetea.

Makala haya yanaeleza njia tunayoitumia na wanachuo wetu. Hatuanzi na vifaa tusivyo navyo. Tunaanza na macho na masikio, kisha tunatafuta vitu vilivyo jirani.

Kutazama kabla ya kuchora

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliliambia darasa la nne lichore chungu. Watoto wengi wa darasa lile walikuwa wamekula asubuhi ile chakula kilichopikwa katika chungu cha udongo. Hata hivyo karibu wote walichora chombo chenye kitako bapa na mikono miwili, kama kile kilichokuwa katika picha ya kitabu chao. Mtoto mmoja tu, msichana aliyekaa nyuma, alichora kitako cha mviringo, naye alikuwa amekifuta mara mbili akidhani amekosea, kwa sababu chungu chake “hakiwezi kusimama”. Mwanachuo alitaka kumsahihisha. Tulimwomba angoje.

Tukio hilo lafaa kufikiriwa na kila mwalimu. Watoto wale hawakukosa ufundi wa mkono. Walikuwa wamejifunza kwamba kitu kilicho kitabuni ndicho cha kweli, na kwamba kilicho jikoni kwao si cha kuchorwa. Mwalimu asiyeliona jambo hilo ataendelea kufundisha kivuli na umbo kwa miaka thelathini, na watoto wake watazidi kutochora walichokiona.

Siku iliyofuata chungu kililetwa darasani pamoja na mafiga matatu. Watoto walikiweka juu ya sakafu, kikaviringika. Wakakiweka juu ya mafiga, kikatulia. Mwalimu aliuliza kwa nini mfinyanzi hakukipa kitako bapa. Majibu yalikuja polepole: moto huzunguka chini yote, mwiko hufika kila mahali, hakuna pembe ya kupasukia. Yote matatu ni sahihi, na la tatu lina sayansi ndani yake, kwani chombo chenye pembe kali hupata joto lisilolingana, na ufa huanzia penye pembe. Baada ya mazungumzo hayo walichora tena. Michoro ya pili haikuwa mizuri sana, ila ilikuwa michoro ya chungu kile.

Wafinyanzi wa Wakisi

Ukanda huu una bahati ambayo vyuo vingi havina. Chini ya milima ya Livingstone, mashariki mwa Matema, wanaishi Wakisi, ambao wanawake wao wanajulikana kwa ufinyanzi mbali nje ya wilaya. Ikombe ni kijiji chao kinachotajwa zaidi. Vyungu husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, ambalo huwa na watu wengi siku ya Jumamosi, na kutoka hapo huendelea mpaka Kyela, Tukuyu na Mbeya. Wakisi hufinyanga kwa mkono, bila gurudumu la kuendeshwa kwa mguu, na vyombo vyao ni vyembamba na vya mviringo kiasi cha kumfanya mgeni adhani mashine imetumika. Mapambo ya rangi nyekundu na nyeupe huwekwa mabegani mwa chombo.

Wanachuo wanapopelekwa kuwatazama wafinyanzi, yapasa kwanza waelewe kwamba hawaendi kutalii. Mama anayefinyanga yuko kazini, na kazi hiyo ndiyo inayolipa ada na kununua mchele. Msalimuni kwa shikamoo, elezeni mlikotoka, ombeni ruhusa ya kukaa, na msipige picha kabla ya kuruhusiwa. Chuo kikinunua chungu kimoja au viwili, kitakuwa kimelipa sehemu ya mafunzo na kupata zana ya kufundishia kwa wakati huo huo.

Huwa tunawapa wanachuo kazi moja tu: kutazama mikono kwa nusu saa bila kuandika neno, kisha kuondoka na kuandika. Mkono upi unasukuma kutoka ndani, upi unapokea kutoka nje? Mfinyanzi anaacha lini ili udongo upumzike? Anatumia kifaa gani kulainisha, na kifaa hicho kilikuwa nini kabla ya kuwa kifaa? Wengi hugundua kwamba hawakuona karibu kitu chochote. Hurudi kutazama tena, na safari hii ya pili ndiyo yenye faida.

Ndoo za plastiki na sufuria zimekwisha kuchukua nafasi kubwa ya mitungi, na hakuna sababu ya kuwalaumu wanaozinunua. Ndoo haivunjiki njiani kutoka kisimani. Lakini binti wa mfinyanzi anayekaa darasani mwako anapaswa kujua kwamba shule inauona ujuzi wa mama yake kuwa ni ujuzi. Mwalimu anayemwita mama huyo siku moja aje afundishe mbele ya darasa, naye mwalimu akakaa pamoja na wanafunzi, amefanya jambo ambalo hotuba juu ya utamaduni haiwezi kulifanya.

Udongo na majira

Maazimio ya kazi yaliyonakiliwa kutoka mikoa mingine huuweka ufinyanzi katika miezi ya Machi na Aprili. Kwa Kyela jambo hilo ni kujitafutia taabu. Mvua za hapa ni miongoni mwa zilizo nyingi kuliko zote nchini, na miezi hiyo ndiyo ya kilele chake. Udongo haukauki, kuni zimelowa, na njia za mashambani zimejaa maji. Uwekeni ufinyanzi kati ya Juni na Oktoba. Miezi ya mvua ifundisheni muziki, ususi na uchoraji.

Ili kuupima udongo, chukua kidogo, ukande na maji, uviringishe uwe uzi mnene kama penseli, kisha uuzungushe kwenye kidole. Ukikatika vipande vipande, una mchanga mwingi mno. Ukishikamana bila nyufa, unafaa kufinyangwa, ingawa udongo mlaini kupita kiasi hunywea sana ukikauka na kupasuka. Uchanganyeni na mchanga mwembamba au vigae vilivyotwangwa. Kausheni vyombo kivulini, wala si juani, kwa muda wa wiki moja au zaidi.

Watoto watauliza kwa nini chombo kisichomwe siku ile ile. Jibu ni kwamba maji yaliyobaki ndani ya ukuta wa chombo hugeuka mvuke yakifikia joto la nyuzi 100 za Selsiasi, na mvuke ukikosa njia hukipasua chombo kwa kishindo. Moto ukiendelea hadi kati ya nyuzi 500 na 600, maji yaliyofungwa katika madini yenyewe ya udongo hutoka, na tangu hapo chombo hakirudi tena kuwa tope hata kikilowekwa mwaka mzima. Hapo somo la sayansi limeingia bila kubisha hodi.

Kusikiliza kabla ya kuandika nota

Katika muziki, wanachuo wengi hufika wakiwa na hazina kubwa ambayo hawaihesabu: kwaya. Makanisa ya Kilutheri na ya Moravian, yaliyoingia pande hizi na wamisionari wa Berlin na wa Herrnhut tangu mwaka 1891, yamewazoesha watu kuimba kwa sauti nne na kusoma solfa. Herufi d, r, m, f, s, l, t zilitengenezwa kuwa mfumo wa kufundishia na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, kwa kufuata kazi ya mwalimu Sarah Glover. Hazihitaji karatasi yenye mistari. Mashine ya kuandikia ya kawaida, au chaki na ubao, yatosha. Ndiyo sababu zilienea upesi katika shule za Afrika. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao lahani yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na nyimbo zake aliziandika kwa solfa. Hakuwa profesa wa muziki. Alikuwa na darasa na kwaya.

Kwa hiyo fundisheni solfa, lakini kwa taratibu: sauti mbili kwanza, s na m, ambazo watoto huzitumia wenyewe wanapoitana kwa mbali, kisha l, kisha d na r. Tumieni ishara za mkono, ambazo Zoltán Kodály wa Hungaria alizieneza baadaye katika shule za nchi yake. Msiandike ubaoni sauti ambayo masikio ya watoto bado hayajaipata.

Solfa ina mpaka wake, na ni vizuri kusema wazi. Inaeleza kupanda na kushuka kwa sauti. Kwa ngoma haifai sana. Nimeona wanachuo wakijaribu kuandika mapigo ya ngoma kwa nukta na vistari mpaka wakachoka, ilhali mpigaji wa kijijini huyafundisha kwa mdomo katika dakika chache. Fuateni njia ya mpigaji.

Mfano mmoja wa darasani. Ngoma nyingi za Afrika huweka mapigo matatu juu ya mawili, jambo linalowatatiza hata watu wazima wakielezwa kwa hesabu. Hesabuni moja mpaka sita, mkirudia bila kusita. Miguu ikanyage kwenye moja na nne. Mikono ipige kwenye moja, tatu na tano. Darasa litavurugika. Sasa acheni hesabu, semeni maneno haya: “Njoo tulime.” Neno “njoo” livutwe kwa hesabu mbili, “tu” na “li” moja moja, “me” livutwe kwa mbili. Miguu hukanyaga kwenye “njoo” na “li”. Mikono hupiga kwenye “njoo”, “tu” na “me”. Mkazo wa Kiswahili, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, unakutana na mguu wenyewe. Darasa la pili huweza kulifanya zoezi hili katika kipindi kimoja.

Malipenga na mipaka ya darasa

Katika fuko za Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi, ambako huitwa pia mganda, huchezwa malipenga. Wachezaji hujipanga kwa mistari kama askari, na hutumia vibuyu vilivyotobolewa na kuwekwa utando mwembamba, zamani utando wa buibui. Mgeni hudhani kibuyu kinapulizwa. La: mchezaji huimba ndani yake, na utando hutetemeka na kuikwaruza sauti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alionyesha jinsi michezo ya namna hii ilivyoenea kutoka pwani pamoja na askari na wapagazi, hasa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Watoto wanaweza kutengeneza kipenga chao kwa kipande cha mwanzi na karatasi nyembamba, na kwa kutumia kidole wakauhisi mtetemo unaoleta sauti.

Si kila ngoma iletwe shuleni. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, walieleza kwa urefu uchezaji ngoma kwenye mazishi, na ngoma za msiba bado zina wenyewe. Kabla ya kuandika andalio la somo, mwulizeni mzee mmoja au wawili: ngoma hii huchezwa lini, na nani, na je, mtoto anaruhusiwa kuipiga pasipo tukio lake? Jibu likiwa hapana, tafuteni nyingine. Wazazi watakaosikia kwamba mliuliza watawaletea nyingine tatu.

Jambo la mwisho ni la utunzaji. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa ziwa, na katika Aprili ngoma ya shule hutoa sauti kama ya debe lililojaa maji. Iwekeni mahali pakavu juu ya sakafu, si ukutani panapovuja. Siku ya kipindi, mwanafunzi mmoja mwenye umri wa kutosha aiote motoni kwa mbali, akiigeuza, na kuijaribu kwa kiganja kila mara. Sauti ikipanda na kutulia, aiondoe; ikizidi hapo ngozi hupasuka, na ngozi mpya huchukua wiki kadhaa kupatikana.