Kofia za kulalia za hariri: je, ung'oe kitunguu saumu upande miforsadi?

Swali la leo limetoka kwa wanandoa wa kata ya Tumati. Mke ana cherehani na anajua kushona, mume analima kitunguu saumu na maharage. Wanataka kuanzisha biashara ya vitambaa vya kutunza nywele: kofia za kulalia, foronya, vibanio na vitambaa laini vya kukaushia nywele. Mtu kawaambia hariri ina hela. Sasa wanauliza kama wang'oe kitunguu saumu, wapande miforsadi na wafuge viwavi wa hariri wenyewe, ili kila kitu kitoke shambani kwao.

Jibu langu: biashara ianze, kitunguu saumu kibaki. Nitaeleza kwa hesabu, maana wazo lenyewe si baya.

Kwanza, kwa nini mtu anunue kofia ya kulalia? Nywele zetu za kujikunja hukauka haraka kwa sababu mafuta ya kichwani hayafiki kirahisi kwenye ncha. Ukilala kwenye foronya ngumu ya pamba, inanyonya yale mafuta machache, na kila ukigeuka nywele zinasuguliwa. Asubuhi unakuta vipande kwenye mto. Kitambaa kinachoteleza kinapunguza huo msuguano, basi. Hakioteshi nywele. Ukimwambia mteja kwamba kofia yako inaotesha nywele, atarudi baada ya miezi mitatu kukudai.

Sasa hariri. Kiwavi wa kawaida wa hariri anakula majani ya mforsadi tu. Toka anaanguliwa mpaka anaanza kujizungushia uzi ni kama siku 25 hadi 30, na katikati hapo anajivua ngozi mara 4. Kifukofuko kimoja kibichi kina uzito wa gramu moja na nusu hadi 2. Ili upate kilo 1 ya uzi mbichi unahitaji vifukofuko vibichi kilo 8 hadi 10. Ukiuchemsha uzi huo kwa sabuni na magadi kutoa ile gundi yake, unapoteza karibu robo ya uzito.

Tupeleke hesabu hiyo kwenye kofia. Kofia moja inakatwa kwenye kipande cha sentimita 50 kwa 50. Kwa hariri ya unene wa kawaida, kipande hicho ni kama gramu 20. Rudi nyuma mpaka kwenye kifukofuko: unakuta kofia moja imekula vifukofuko 150 hivi. Viwavi 20,000, ambalo ndilo boksi moja la mayai, watakula zaidi ya nusu tani ya majani na kukupa vifukofuko kama kilo 25 hadi 35 mambo yakienda vizuri. Hapo una uzi wa kofia kama mia moja, tena bila kuhesabu upotevu. Na bado hujapata mashine ya kuvuta uzi, wala mtu wa kuufuma. Ukikosa mashine, unabaki na gunia la vifukofuko ndani na shamba ambalo halina kitunguu.

Halafu kuna baridi. Viwavi wadogo wanataka joto la nyuzi 26 hadi 28, wakubwa 23 hadi 25. Usiku wa Julai wa Tumati mnaujua wenyewe. Utalazimika kupasha chumba joto, na moshi wa jiko la mkaa unawaua. Sumu nayo: jirani akipuliza dawa kwenye maharage yake na upepo ukaileta kwenye majani yako, umepoteza boksi zima. Hata ugoro! Mzee aliyetoka kunusa ugoro asishike majani ya viwavi, nikotini kidogo tu inatosha kuwamaliza.

Kuna hariri nyingine inaitwa eri. Kiwavi wake anakula majani ya mbarika, na mbarika huku kwetu unajiotea hata kando ya barabara. Kifukofuko chake kiko wazi upande mmoja, nondo anatoka bila kuuawa, na uzi unasokotwa kwa mkono kama pamba. Mimi naona hii ndiyo inayofanana na mazingira yetu zaidi, ingawa kitambaa chake hakitelezi kama cha mforsadi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya kazi ya hariri na wakulima kwa miaka mingi, kuanzia hariri ya porini kule Mwingi, Kenya, hadi vikundi vya vijana Ethiopia. Angalia neno hilo: vikundi. Mashine moja ya uzi haibebwi na nyumba moja. Na asije mtu akavusha mayai ya viwavi pale Namanga ndani ya mfuko wa koti. Uliza kwanza TPHPA, makao yao yako Arusha, na ofisi ya mifugo ya wilaya.

Kwa hiyo waanze na kitambaa cha kununua. Hapa kuna mtego mmoja. Satini si jina la uzi, ni jina la namna ya kufuma. Satini nyingi za sokoni ni poliesta. Inateleza vizuri, bei yake inabebeka, lakini ni plastiki, na ukiiandika "hariri asilia" unadanganya. Jaribu hivi: chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio mbali na nguo, ziwashe. Hariri inanuka kama nywele zinazoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Ukinunua satini ya poliesta, sema ni satini. Wateja hawakasirikii satini, wanakasirikia uongo.

Kama wanataka kitu ambacho kweli hakiumizi mazingira, kitambaa cha kukaushia nywele ndiyo bidhaa yao. Kinatakiwa pamba laini ya kufumwa kama ya tisheti, siyo taulo lenye vinyweleo vinavyonasa nywele. Pamba tunayo nchini. Ng'ambo ya Ziwa Eyasi, wilaya ya Meatu, bioRe wanafanya kazi na wakulima wa pamba ya kilimo hai tangu miaka ya 1990, na Arusha kuna viwanda vya nguo. Wakaulize vitambaa vya mabaki, mara nyingi mabaki ndiyo mtaji wa fundi mdogo.

Hesabu ya kofia sasa, kwa bei za mfano tu, weka zako. Kitambaa cha upana wa sentimita 150, mita 1, kinatoa kofia 6 za safu moja. Kama mita ni shilingi 9,000, kila kofia imekula 1,500. Lastiki 300, uzi na mfuko 400, kazi ya mshonaji 1,000. Ndo 3,200 hiyo. Wengi wanaacha ile 1,000 kwa sababu mshonaji ni mke wa nyumbani, halafu wanashangaa mbona faida ipo na mama amechoka. Ilipwe, iandikwe. Vipande vinavyobaki kwenye kona vishonwe vibanio. Na lastiki isibane: kofia inayoacha alama kwenye paji la uso itakata nywele za mbele, na umeharibu kile ulichokuja kutunza.

Soko? Msihesabu wanafunzi wa sekondari za serikali, wale wananyoa. Hesabu saluni za Mbulu mjini, Haydom na Babati, wanafunzi wa uuguzi, na mama aliyetoka kulipia rasta ambaye hataki zifumuke wiki ya kwanza. Pelekeni kofia 12 kwenye saluni mbili, rudini baada ya wiki mbili muone zilizobaki.

Jina la biashara lisajiliwe BRELA kwa majina ya wote wawili. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) unapitia kwenye vikundi, kwa hiyo tafuteni mafundi wenzenu. SIDO nao wanatoa mafunzo.

Na miforsadi? Pandeni, ila kwenye kingo za makinga maji, siyo kwenye kitunguu. Kata vipando vya unene wa penseli, sentimita 20 hadi 25, vyenye macho 3 au 4, vichomeke mvua zikianza. Mizizi itashika udongo kwenye miteremko yetu, na majani yana protini nzuri kwa ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Mwaka wa kwanza msiyavune sana. Siku mkipata kikundi na mashine, majani yatakuwa yapo.

Mwenye mti uliokomaa atuambie, tunatafuta vipando vya kugawana kabla ya mvua za vuli.