Nafsi ya Mnunuzi na Kiwanja cha Eldoret



Somo letu la leo ni juu ya ununuzi wa ardhi. Wala hatukusudii kueleza bei yake, bali hali ya moyo wa yule mwenye kuinunua.

Eldoret, mji uliokulia penye posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, ulipewa daraja ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, ukawa wa tano katika Kenya. Wakimbiaji mashuhuri wa huko wametia fedha za ushindi wao katika viwanja na majumba. Nasi watu wa pwani twapigiwa simu na madalali: "Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ukikawia hukipati." Na fedha zinazotakiwa aghlabu ni za mirathi au kiinua mgongo, ambazo zikipotea hazina badali.

Maradhi ya nafsi hapa ni matatu. La kwanza ni kufuata mkumbo: mtu huona wenziwe wamenunua akadhani wingi wao ni hoja, kumbe kila mmoja alimtazama mwenziwe, wala hapana aliyeitazama ardhi. La pili ni kufungwa na bei ya kwanza: dalali hutaja bei kubwa, kisha akapunguza, na mnunuzi akafurahi asiulize viwanja vya jirani vimeuzwaje. La tatu ni kukimbia hasara ndogo hata kuingia katika kubwa. Wataalamu wa elimu ya nafsi, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza mwaka 1979 kuwa uchungu wa kupoteza huushinda utamu wa kupata kiasi kile kile. Ndiyo maana aliyekwisha toa sehemu ya kumi ya bei, akigundua kuwa hati ina kasoro, huona uchungu kuiacha, akalipa na tisa zilizobaki.

Tazameni sasa vipi fikihi yetu ilivyoyatibu maradhi haya zamani. Imeharamisha najshi, nayo ni kupandisha bei kwa mtu asiyetaka kununua, ili kumhadaa mwingine. Dalali amletaye mnunuzi wa uongo ana dhambi, japo aite ujanja wa kazi. Tena, katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu ya Shafii, haisihi kununua kitu maalumu ambacho mnunuzi au wakili wake hakukiona. Basi kiwanja cha simu kina hukumu gani? Kisha sheria ikaweka khiyari: wauzianao wana haki ya kurudi maadamu hawajaachana katika kikao chao, na wanaweza kushartiana muda usiozidi siku 3. Siku hizo ni dawa ya pupa. Basi mnunuzi na azitake, tena ziandikwe katika mkataba.

Na sheria ya nchi nayo isipuuzwe. Kabla ya kutoa hata shilingi, hati na ikaguliwe katika ofisi ya ardhi, na mipaka ipimwe. Viwanja vingi hukatwa katika mashamba. Na kwa sheria ya mwaka 1967, uuzaji wa ardhi ya kilimo bila ya idhini ya bodi ya ardhi ni batili, na idhini huombwa katika muda wa miezi 6 tangu mapatano.

Aibu yetu ni kuwa mlango wa tohara twausoma mara kumi, na mlango wa biashara twaupita mbio. Kisha twashangaa mali za mayatima zikiliwa. Hatukatazi kununua Eldoret. Twakataza kununua kabla ya akili kufika.

Masuala ya darasa:
1. Najshi ni nini, na huonekana vipi katika uuzaji wa viwanja?
2. Khiyari ya sharti yamlinda mtu na nani: na muuzaji, au na nafsi yake mwenyewe?

Wabillahi tawfiiq.