Bwana Afya, hii sauti niliyotumiwa ni ya kweli?

Nilifanya kazi ya bwana afya kwa miaka 37. Nilikagua vyoo, visima, mabucha na magenge ya chakula, na kila ulipozuka mlipuko nilisimama mbele ya watu wenye hofu na kujaribu kuwajibu. Sasa nimestaafu, lakini simu yangu bado inaita, na anayepiga siku hizi haniulizi habari za choo. Anataka kujua kuhusu sauti aliyotumiwa jana usiku. Yafuatayo ni baadhi ya maswali hayo pamoja na majibu niliyoyatoa, machache nikiwa nimeyarefusha.

Shikamoo, bwana afya. Binti yangu ana miaka 10. Shuleni wamempa karatasi ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Usiku uleule nikatumiwa sauti ya mtu anayejiita daktari, anasema chanjo hiyo inafunga kizazi, ndiyo maana wanachomwa wasichana tu. Nifanye nini? (Mama, Tanga)

Marahaba, mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuichana karatasi. Mpeleke binti akachanjwe.

Lakini sitaki nikupe amri halafu nikate simu, maana ndani ya sauti ile kuna swali la haki: mbona wasichana tu? Saratani hii inaota kwenye mlango wa kizazi, na mlango huo anao mwanamke. Kirusi kinachoisababisha, yaani HPV, huambukizwa kwa kujamiiana, na kinga inajengeka vizuri zaidi ikiwa mtu hajawahi kukutana nacho. Ndiyo maana wanaanza na watoto wa miaka 9. Najua mzazi akisikia hivyo moyo unamshtuka, lakini sindano hii haimpi mtoto ruhusa ya jambo lolote. Inamlinda atakapokuwa mke wa mtu.

Kilichomo ndani ya sindano ni mfano wa ganda la kirusi, ganda tupu lisilo na kiini. Mwili unaliona, unajifunza sura yake, na siku kirusi chenyewe kikija unakitambua. Ganda tupu haliwezi kuzaana wala kuleta ugonjwa, na kizazi hakifungwi nalo.

Niongeze jambo linalonikera. Tanzania ilipoanza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018 ilitolewa kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, kwa kuwa dozi zilikuwa adimu duniani. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wataalamu walikuwa na sababu nzuri: utafiti ulishaonyesha kwamba dozi moja inatosha. Ila mama aliyesikia "miaka 14, sindano mbili", kisha akasikia "miaka 9, sindano moja", ana kila sababu ya kujiuliza kuna nini. Asipopata wa kumweleza, atamsikiliza yule wa kwenye simu.

Niliwahi kuliona hilo kwa macho yangu. Asubuhi moja tulifika shuleni na masanduku ya chanjo tukakuta madarasa matupu, wazazi wamewazuia watoto nyumbani kwa sababu ya sauti ya dakika mbili. Nikachukua gari la matangazo, nikazunguka kijiji kizima nikikanusha. Hakuna aliyetoka. Jioni mama mmoja akaniuliza: "Kipaza sauti mnacho, gari mnalo. Mbona mmekuja leo, baada ya yule mtu kusema?" Sikuwa na jibu, na swali lile sijalisahau.

Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Shangazi yangu nilimsindikiza hospitali ya saratani ya Ocean Road akiwa ameshachelewa. Zama zake chanjo hii haikuwepo, mama. Zama za binti yako ipo, tena bila malipo.

Nitajuaje kama ujumbe wa afya ni wa kweli? (Kijana wa bodaboda, Morogoro)

Sikiliza kama una jina la mtu, mahali na tarehe. Uongo mwingi hauna hata kimoja. Unasema "daktari mmoja wa hospitali kubwa", na unaishia na "watumie watu kumi". Halafu angalia juu ya ujumbe: ukiona mishale miwili ujue umeshapita mikono mingi, na hakuna anayejua ulipoanzia. Aprili 2020 WhatsApp yenyewe ilizuia ujumbe wa namna hiyo usitumwe kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Hiyo ni breki tu. Mwendeshaji bado ni wewe.

Jihadhari zaidi na video za madaktari wanaouza dawa ya kisukari au presha. Siku hizi akili mnemba inaweza kuchukua sura na sauti ya daktari unayemfahamu na kumtamkisha maneno ambayo hajawahi kuyasema. Daktari akikutangazia dawa ya kumaliza kisukari kwa wiki mbili, hata kama sura ni yake, usinunue. Na usiache dawa zako.

Kwa Tanzania, piga 199, namba ya Wizara ya Afya. Ni bure.

Mimi ni mtu wa Beni, mashariki mwa Kongo. Ebola ilipofika kwetu, watu wengi walisema ni biashara ya wakubwa. Walioandika habari zetu walituona wajinga. Na wewe unatuona hivyo?

Hapana, ndugu yangu. Sikuwepo Beni, nilikuwa nafuatilia kutoka huku Tanzania, lakini kadiri nilivyosoma habari zenu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mlikuwa na hoja.

Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walifariki. Chanjo ilikuwepo tangu mwanzo, tena chanjo nzuri, jambo ambalo Guinea, Liberia na Sierra Leone hawakulipata mwaka 2014. Hata hivyo, watafiti walipowahoji watu 961 wa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018, zaidi ya robo walisema Ebola haipo. Na waliowaamini viongozi wao wa karibu hawakufika hata theluthi moja. Nadhani namba hii ya pili ndiyo inayoieleza ile ya kwanza.

Eneo la Beni lilikuwa likishuhudia mauaji ya raia tangu 2014. Watu walizika ndugu zao miaka minne bila kuona misafara mikubwa ya magari ya misaada. Ilipokuja Ebola, magari yakajaa. Mtu akiuliza "kwa nini mmekuja kwa ugonjwa huu na hamkuja tulipokuwa tunachinjwa?", utamwita mjinga? Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Beni na Butembo wakaambiwa watasubiri hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, hali masoko na makanisa yapo wazi. Rais mpya akaapishwa kabla kura zao hazijapigwa. Siku ile ya uchaguzi watu wa Beni walijipangia kura yao ya mfano, wakapanga foleni na kunawa mikono, ili dunia ione kwamba inawezekana. Hawa ni watu walioielewa vizuri kanuni ya kunawa mikono. Kilichowashinda kukielewa ni kwa nini wananyimwa kura.

Baada ya hapo, kila ujumbe wa simu uliosema "Ebola ni siasa" ulikuta shamba limeshalimwa. Na madhara yalikuwa ya kweli: vituo vya matibabu vilishambuliwa, na Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa WHO kutoka Cameroon, aliuawa akiwa hospitalini Butembo. Novemba mwaka uleule mtangazaji wa redio ya jamii, Papy Mumbere Mahamba, aliyekuwa akiwaelimisha wasikilizaji kuhusu Ebola, aliuawa nyumbani kwake Lwemba, Ituri. Siwezi kuyataja haya bila uchungu. Kuelewa hasira ya watu hakumrudishi hata mmoja wao.

Lakini lipo jambo moja ambalo ningependa kila bwana afya alijue. Ulienea uvumi kwamba maiti zinaibiwa viungo ndani ya ile mifuko ya kuzikia. Watu wa Msalaba Mwekundu wangeweza kukanusha redioni kutwa nzima. Badala yake walikuwa wanakusanya maneno ya watu mitaani na kuyaandika kama yalivyosemwa, na katika maneno yale walisikia ombi: tunataka kumwona ndugu yetu. Wakaleta mifuko inayoonyesha. Familia ikaweza kuuona uso wa marehemu wao kabla ya kuzika.

Enzi zetu tulikuwa na redio moja na watu walisikia. Kwa nini serikali zisizime mitandao wakati wa mlipuko? (Mwalimu mstaafu, Dodoma)

Mwalimu, shikamoo. Naiheshimu redio kuliko unavyodhani, kwa hiyo nitakujibu kwa redio.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 11. Baba yangu alikuwa kwenye kikundi cha kusikiliza redio cha kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni ile ilidumu wiki 12 na ilikusanya watu wapatao milioni mbili nchi nzima. Nakumbuka redio imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, wazee wamekaa kwenye majamvi. Kipindi kikiisha redio inazimwa. Hapo ndipo kazi inaanza: kiongozi wa kikundi anasoma kitabu, wanabishana, halafu wanakubaliana nani atachimba choo wiki hii. Choo chetu kilichimbwa kwa uamuzi wa kikundi kile. Redio ilileta habari, lakini waliomshawishi baba ni majirani zake aliokuwa akiwatazama usoni.

Miaka 20 baadaye ukaja mchezo wa redio wa Twende na Wakati. Radio Tanzania ilianza kuurusha Julai 1993, na eneo la Dodoma, kwenu huko, halikurushiwa hadi 1995 ili watafiti waweze kulinganisha. Uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka. Unamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi? Watu walimjadili kama jirani yao. Mke alimwuliza mumewe, "Na wewe ni Mkwaju?", na hapo mazungumzo yasiyowezekana yakawezekana.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa karibu mwaka mzima kwa madai kwamba inafunga kizazi. Ni maneno yaleyale aliyotumiwa mama wa Tanga, na wakati ule WhatsApp haikuwa imezaliwa. Mahubiri, redio na vijiwe vilitosha. Kirusi kikasambaa nchi nyingi, na mwaka 2005 kikafika hadi Indonesia, nchi ileile ambayo Kano ilikubali chanjo iliyotengenezwa huko.

Kwa hiyo ukizima mitandao, hofu itahamia kijiweni. Na utakuwa umemzimia muuguzi njia ya kuita gari la wagonjwa, na umemzimia mama njia ya kuniuliza mimi.

Lakini serikali itasema nini kabla majibu ya maabara hayajatoka? (Mwandishi wa habari, Mwanza)

Iseme hivyohivyo: majibu hayajatoka.

Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kutokwa damu puani na kuanguka. Wizara ilitangaza kwamba kuna ugonjwa ambao bado haujajulikana, ikataja dalili na idadi ya wagonjwa, na siku chache baadaye ikautaja: homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Wagonjwa 20, vifo 3. Machi 2023 Bukoba ilikuwa hivyo pia: kwanza tangazo la ugonjwa usiojulikana, kisha tarehe 21 ikathibitishwa kuwa ni Marburg. Wagonjwa walikuwa 9, sita wakafariki, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kuisha. Siku zile za katikati mitandao ilivumisha kila neno, uchawi nao haukukosekana. Ila mwananchi alikuwa na pa kusimama: alijua dalili ni zipi, asiguse nini, na apige simu wapi. Kusema "hatujui bado, lakini fanya hivi" kunajenga imani kuliko ukimya wa wiki nzima unaomalizika kwa tamko zito.

Nanyi waandishi, mnapokanusha, msianze na uongo. Kichwa cha habari kikisema "Wizara yakanusha chanjo kufunga kizazi", anayepita mbio mbele ya meza ya magazeti anaondoka na maneno mawili tu: kufunga kizazi.

Kwenye kundi letu la familia yupo shangazi anayetuma tiba za uongo kila siku. Tumemvumilia tumechoka. Tumtoe? (Binti, Mombasa)

Msimtoe. Wala usimsahihishe mbele ya wajukuu wake. Mpigie.

Dada yangu mkubwa yuko Masasi. Mwaka 2020, wakati wa korona, alikuwa anatutumia dawa za vitunguu, za mvuke, za majani nisiyoyajua, alfajiri na usiku wa manane. Vijana wakaanza kumjibu kwa vikatuni. Siku moja nikampigia, sikumtajia vitunguu hata kidogo. Nikamwuliza amelalaje. Akasema halali. Tukaongea habari za shamba, za marehemu shemeji, za mguu wake unaovimba. Mwishoni, sauti imeshuka, akaniuliza: "Hivi, mdogo wangu, hizi dawa za presha nitakunywa mpaka lini? Maana zimeisha tangu mwezi jana, na pale dirisha la dawa naona aibu kuuliza."

Kesho yake mwanangu alimpeleka kituo cha afya.